Toka Mashuani Hadi Mlangoni

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga mfano wa ushanga uliokatika uzi, kuanzia karibu na Kismayo hadi kuikaribia Ras Kamboni, mpakani mwa Somalia na Kenya. Miongoni mwake zimo Fuma mbili, Fuma ya Iyu na Fuma ya Tini, ambazo kwa Kiswahili sanifu tungeziita ya Juu na ya Chini. Kisha ziko Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na nyinginezo. Ni visiwa vya matumbawe, vyembamba, vyenye mchanga mwingi na maji matamu machache. Wenyeji wake wameishi kwa karne nyingi kwa uvuvi na uchukuzi wa baharini, na Wabajuni wamesifika katika pwani nzima kwa ufundi wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari.

Katika kisiwa kidogo cha aina hii majengo ya umma si mengi. Nyumba nyingi hujengwa kwa mawe na udongo na kuezekwa makuti. Msikiti ndio aghalabu jengo lililo imara kuliko yote, nao hubeba kazi nyingi zaidi ya sala. Watoto husomeshwa barazani pake. Wazee hukutana hapo kusuluhisha ugomvi wa nyavu na wa mipaka ya viwanja. Tabibu akifika kwa mashua hutafuta mahali penye kivuli na sakafu safi, na mara nyingi mahali penyewe ni hapo, au ni chumba cha madrasa kilicho ubavuni. Chakula cha msaada kikiletwa, majina huitwa hapo. Kwa hiyo mtu anayeshindwa kulifikia jengo hilo hakosi sala ya jamaa peke yake. Hukosa dawa, hukosa kusikilizwa, na pengine hukosa mgao ulioandikwa kwa jina lake, kwa kuwa jina lilipoitwa aliitika mwingine.

Sisi tunaovaa sare tunahusika na jambo hili kuliko tunavyodhani. Tangu mwezi Machi 2007, vikosi vya kwanza vya Umoja wa Afrika vilipotua Mogadishu, na tangu mwishoni mwa Septemba 2012, majeshi ya Kenya pamoja na wenzao wa Kisomali walipoingia Kismayo, kazi ya askari katika nchi hiyo haikuwa ya bunduki tu. Vikosi vimetibu wagonjwa, vimechimba visima, na vimetengeneza shule na majengo mengine ya wananchi. Polisi nao wamefungua vituo ambamo raia anatarajiwa kuingia na kueleza shida yake. Ofisa kijana anaweza kuamka asubuhi moja akapewa mifuko ya saruji, mafundi wanne na amri ya kulitengeneza jengo la kijiji kabla ya mgeni kufika. Desturi ni kwamba ataanza na paa na kumalizia na rangi, kwa maana hivyo ndivyo vinavyoonekana katika picha. Kizingiti atakikuta na atakiacha kama kilivyokuwa.

Makala haya yanamhusu ofisa huyo.

WASIOINGIA NI NANI?

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba walemavu ni watu wachache waliozaliwa hivyo, ambao jamaa zao watawabeba. Katika pwani hii orodha ni ndefu. Wapo wazee, ambao magoti yao yamechoka kwa miaka ya kuvuta kamba na kusukuma vyombo. Wapo waliopooza kwa ugonjwa wa polio. Mwaka 2013 pekee Somalia ilipata wagonjwa karibu 200, na watoto wale leo ni vijana. Wapo wapiga mbizi wanaotumia mitungi ya hewa kutafuta jongoo wa bahari, ambao hupanda juu haraka mno kutoka kilindini, hewa ikafanya mapovu katika damu, na wakarudishwa pwani miguu haina nguvu tena. Balaa hili linajulikana toka Unguja hadi Lamu. Wapo vipofu na viziwi. Tuwaongeze kina mama wajawazito, ambao kwao ngazi yenye utelezi ni hatari ya kweli.

Na wapo wa kwetu. Vita vilivyoanza baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991 vimeacha mabomu ya ardhini na watu wasio na miguu, askari kwa raia. Mabomu ya kutegwa barabarani yamewakata viungo askari wa Uganda, Burundi, Kenya, Ethiopia na Djibouti, na wa Somalia wenyewe zaidi ya wote. Koplo aliyeondoka kijijini kwao akitembea wima hurudi na magongo. Hospitali ya jeshi imemfundisha kutembea upya juu ya sakafu laini. Haikumfundisha kuupanda mlango wa msikiti alimosomea, wenye ngazi tatu zisizo na mahali pa kushika.

Wengine husema, "Si tutambeba?" Kweli watambeba, na moyo huo ni wa kusifiwa. Lakini mtu mzima anayebebwa mgongoni mbele ya wakwe na watoto wake huvumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu hutoa udhuru kwamba ana homa. Baada ya hapo watu humzoea kuwa hayupo, na shauri la kijiji hukatwa bila ya yeye.

NJIA NI MOJA, KAMA YA UGAVI

Kila askari aliyepitia chuo cha kadeti anajua kwamba njia ya ugavi haipimwi kwa ubora wa sehemu yake iliyo nzuri. Barabara ya lami ya kilometa mia haifikishi hata debe moja la maji ikiwa daraja la mwisho limebomoka. Njia ya kuliendea jengo la umma ni hivyo hivyo. Mteremko mzuri mlangoni ni bure ikiwa mtu hawezi kufika mlangoni.

Basi kipimo kianzie majini. Katika visiwa hivi chombo aghalabu hufika ufukweni pasipo na gati. Wakati wa bamvua bahari hutoka mbali sana, na abiria hushuka kwenye maji ya magoti akavuka mwamba wenye ncha kali. Kwa mwenye magongo hicho ndicho kizuizi cha kwanza, nacho ni kikubwa kuliko vyote. Kujenga gati kunataka fedha na wahandisi, na si kazi ya kikosi kimoja. Lakini yako mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni saa: mkutano, matibabu au ugawaji wa chakula upangwe kwa kufuata maji kujaa, chombo kiweze kusogea hadi mchangani. Ofisa anayepanga mkutano saa nne asubuhi kwa sababu ratiba ya makao makuu inasema saa nne, wakati maji yametoka, amekwisha kuwafungia nje watu kadhaa kabla hajafika. La pili ni ubao mpana wenye vipande vya mti vilivyopigiliwa kwa kukingama, wa kushukia toka ubavuni mwa mashua. Seremala wa mahali ataumaliza kwa siku moja.

Baada ya ufuko huja mchanga. Gurudumu jembamba la kiti cha hospitali huzama humo mara moja, na wafadhili hawachoki kuleta viti vya aina hiyo. Dawa yake ni njia ya mawe bapa ya matumbawe yaliyopangwa na kuzibwa kwa chokaa, upana wa mita moja na nusu ikiwezekana, na isipungue sentimeta 90. Isipite katikati ya kiwanja ambamo watoto hucheza. Ifuate ukuta, ili kipofu naye aufuate kwa fimbo yake. Anayelichoka jua la ufukweni atahitaji pia mahali pa kukaa nusu ya njia. Gogo la mnazi lililochongwa linatosha.

Ndipo tunafika kwenye jengo lenyewe. Misikiti ya mawe ya pwani yetu ina utaratibu wake wa kale. Kando yake kuna kisima na birika la kutawadhia, na kati ya birika na mlango mara nyingi hupangwa mawe ya kukanyagia ili miguu iliyooshwa isipate vumbi. Sakafu imeinuliwa juu ya uwanja, na mlangoni kuna kizingiti. Waashi wale waliujenga utaratibu huo kwa ajili ya usafi, na ulifaa kwa mwenye miguu miwili. Kwa mwenye mmoja, mawe yaliyoachana kwa hatua ni mtego, na birika lenye vidato vilivyoota ukungu linatisha zaidi.

Hesabu ya mteremko ni nyepesi, na ni aibu mteremko kujengwa kwa kukisia. Kila sentimeta moja ya kupanda inataka sentimeta 12 za urefu. Ikiwa sakafu imeinuka sentimeta 45, yaani ngazi tatu za kawaida, mteremko hauna budi kuwa na urefu wa mita 5 na sentimeta 40. Watu wengi wakisikia hivyo hushtuka, wakaufupisha uwe mita mbili "kwa kuwa nafasi ni ndogo". Matokeo yake ni mteremko wa kupakilia ng'ombe. Mwenye kiti hawezi kuupanda peke yake, na akiushuka anaweza kuanguka kifudifudi. Nafasi ikikosekana mbele, mteremko uzungushwe ubavuni, na kwenye kona pawe na mahali tambarare pa kugeukia, mita moja na nusu kila upande. Juu, mbele ya mlango, pawe tambarare vilevile, kwa sababu hakuna awezaye kufungua mlango huku kiti kinarudi nyuma.

Kwa kujengea, vifaa vya kisiwani vinashinda vya kuletwa. Saruji iliyochanganywa na mchanga wa bahari na kutiwa nondo huoza kutoka ndani. Chumvi huila nondo, nondo huvimba, zege hupasuka. Mteremko mfupi hauhitaji nondo hata moja. Zijengwe kuta mbili fupi za matumbawe, katikati pajazwe mawe na kifusi kilichoshindiliwa vizuri, juu pafunikwe kwa chokaa na kokoto. Kabla chokaa haijakauka, fundi apitishe ufagio wa chelewa kwa kukingama, ili uso uwe na mikwaruzo na usiteleze siku ya mvua. Pembeni paachwe ukingo wa sentimeta 10 gurudumu lisitoke nje. Boriti za mikoko zinafaa sana kwa kishikizo. Kiwe usawa wa nyonga ya mtu mzima, sentimeta 90 hivi, na kianze kabla ya mteremko kuanza. Ukingo wa kila ngazi iliyobaki upakwe chokaa nyeupe, maana mwenye macho hafifu huona tofauti ya rangi kabla hajaiona ngazi.

Birikani paongezwe pipa lenye bomba na kiti cha jiwe cha kukalia wakati wa kutawadha. Ama kuhusu magurudumu kuingia msikitini, hilo si suala la mhandisi wala la kamanda. Katika misikiti mingi duniani hupanguswa kwa kitambaa chenye maji safi, au huvikwa kitambaa, au huwekwa kiti kingine ndani kisichotoka nje. Masheikh wa mahali waulizwe mapema, nao watajibu. Nimesikia hoja hii ikitumiwa kuahirisha kazi nzima, na kwa maoni yangu ni kisingizio cha wavivu.

Liko jambo jingine linalostahili kusemwa japo kwa ufupi. Misikiti mingi ya zamani haina sehemu ya wanawake. Kama mkutano unahusu watu wote, basi ufanywe uwanjani chini ya kivuli, au shuleni. Mteremko hautamsaidia mama mlemavu ikiwa jengo lenyewe si la kuingiwa na mama yeyote.

VIZUIZI TUNAVYOVIJENGA SISI

Sasa tuje kwenye upande ambao hautupendezi. Mjini Kismayo na penginepo, vizuizi vingi vilivyo mbele ya majengo ya umma si vya waashi wa kale. Ni vya kwetu: magunia ya mchanga, mapipa, matofali makubwa ya zege, nyaya za miba, na uwazi mwembamba ambao mtu hupita kwa ubavu. Sababu zake zinajulikana. Tarehe 12 Julai 2019 hoteli ya Asasey mjini humo ilishambuliwa kwa gari la mabomu na watu wenye silaha, na watu 26 wakauawa. Hakuna mwenye akili atakayesema vizuizi viondolewe.

Lakini kizuizi cha kusimamisha gari hakihitaji kumsimamisha mzee. Gari lina upana wa karibu mita mbili. Kiti cha magurudumu hakifiki sentimeta 70. Uwazi wa sentimeta 90 hadi mita moja, uliopindishwa mara mbili kwa nafasi ya kutosha kugeukia, huzuia gari na kupitisha kiti. Hili ni suala la futikamba, na sajenti yeyote anaweza kulimaliza kabla ya chai. Aidha, magunia yasirundikwe juu ya mteremko. Ajabu ni kwamba mteremko mara nyingi ndio mahali pa kwanza kuonekana panafaa kwa magunia, kwa kuwa "hapatumiki".

Upekuzi nao una hatari yake, na hapa roho za watu zimo mashakani. Askari wa zamu hupaza sauti: "Simama!" Kiziwi hasikii, huendelea kutembea. Kipofu husikia, lakini haoni mkono unaomwelekeza wapi asimame, na fimbo yake gizani yaweza kudhaniwa ni silaha. Mwenye mguu wa bandia hulifanya pipa la ukaguzi lilie kwa sababu ya chuma. Mwenye ulemavu wa akili huogopa makelele akakimbia. Katika nchi ambayo washambuliaji wamejifunga mabomu mwilini, kila mmoja wa watu hawa yuko umbali wa sekunde chache tu kutoka kwenye risasi, na askari atakayeifyatua atakuwa ameamini kwamba alifuata amri.

Tahadhari zake zinafundishika. Ishara ya kusimama iwe ya sauti na ya mkono kwa pamoja, na usiku iongezwe taa. Wazee wa mtaa waombwe kuwatambulisha kituoni viziwi na vipofu wa eneo lao, na kila zamu mpya iambiwe kabla ya kupokea lindo, kama inavyoambiwa neno la siri. Mwenye mguu wa bandia apekuliwe faraghani, ameketi, na mtu wa jinsia yake. Asiamriwe kuuvua mguu mbele ya foleni. Kiti cha magurudumu kipekuliwe kwa uangalifu ule ule unaopewa mzigo wowote, kwa kuwa adui naye anasoma mazoea yetu. Lakini mwenye kiti asiinuliwe kabla ya kuulizwa ainuliwe vipi, maana mtu aliyevunjika uti wa mgongo huweza kuumizwa kwa kunyanyuliwa ovyo. Katika kituo cha polisi, meza ya kupokelea malalamiko isiwe ya juu kiasi kwamba mwenye kuketi haonekani.

CHIMBUKO LAKE NI LA KIASKARI

Wako watakaoona kwamba haya ni mambo ya ustawi wa jamii, yasiyofaa kambini. Historia inasema vingine. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Ludwig Guttmann alifungua idara ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Siku hizo majeruhi wa aina hiyo walihesabiwa kuwa ni wafu wanaosubiri siku. Guttmann aliwatoa vitandani, akawapa pinde na mishale, na tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wanajeshi wa zamani 16, wanaume na wanawake, walishindana wakiwa vitini. Kutokana na shindano hilo dogo yalitokea mashindano ya Roma ya mwaka 1960, na hiyo Paralimpiki tunayoiona leo.

Huko Marekani mwaka huo huo wa 1948, Timothy Nugent alianzisha mpango wa masomo kwa walemavu, wengi wao askari waliotoka vitani, katika tawi la Chuo Kikuu cha Illinois lililokuwa Galesburg, ndani ya majengo yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Nugent ndiye baadaye aliyeongoza kazi ya vipimo vya kwanza vya taifa hilo vya majengo yanayoingilika, vilivyotolewa mwaka 1961. Mteremko uliopo leo mbele ya benki za Nairobi na Dar es Salaam asili yake ni watu waliovaa sare.

Sheria nazo zimekuja. Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2003, Zanzibar 2006, Tanzania Bara 2010. Uganda imetenga viti bungeni kwa wawakilishi wa walemavu, kama ilivyotenga kwa wawakilishi wa jeshi. Somalia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2019, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinahusu hasa kufikika kwa majengo, njia na habari. Katika kisiwa kisicho na mkaguzi wa majengo, hata hivyo, sheria hufika pale tu anapofika mtu mwenye futikamba.

Na mtu huyo, kabla ya kuchanganya chokaa, amtafute mmoja wa wale wasioingia. Si mwenyekiti wao, wala jamaa anayesema kwa niaba yake, yeye mwenyewe. Waende naye pamoja toka chombo kinapotia nanga hadi ndani ya mlango, na kila anaposimama pawekwe jiwe la alama. Mawe hayo ndiyo ramani ya kazi. Mara nyingi yatakuwa mahali ambapo ofisa asingepafikiria: kidato kimoja tu cha birikani, au mlango unaofungukia nje badala ya ndani.

Kazi ikimalizika ibaki hesabu ya miezi. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Mei, na kwa wiki nyingi visiwa hivyo havifikiki kwa urahisi. Upepo husukuma mchanga ukafukia njia ya mawe na kujaa chini ya mteremko. Kikosi kilichojenga huenda kimekwisha kuhamishwa. Kwa hiyo koleo mbili na ufagio viachwe msikitini, na mtu atajwe kwa jina mbele ya wazee wote kuwa ndiye mwenye kuufagia mteremko kila Alhamisi jioni, kabla ya Ijumaa.